Mashine inayomfunza mpiga penalti kutulia

WALIOFUATILIA robo fainali ya CHAN pale Kasarani Agosti 22, 2025 hawahitaji kukumbushwa. Kenya na Madagascar zilimaliza dakika 120 zikiwa 1-1, na Madagascar ikasonga mbele kwa penalti 4-3. Usiku huo huo jijini Dar es Salaam, Tanzania ilitolewa na Morocco kwa bao 1-0. Kesho yake Kampala, Uganda nayo ikafungwa na Senegal 1-0. Siku mbili tu, wenyeji wote watatu nje.

Mabao ya Morocco na Senegal yana maelezo yake ya kimpira. Penalti ni jambo jingine. Mpira umetulia mita 11 kutoka langoni, lango lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, hakuna beki anayekukaba. Mchezaji ambaye Jumanne mazoezini alipiga moja baada ya nyingine huku akitaniana na wenzake, Ijumaa analiona lango lile lile limekuwa tundu la sindano. Miguu haijabadilika. Kilichobadilika kiko juu ya shingo.

Tatizo hilo halijakosa waganga. Katika soka la ukanda wetu kuna wanaolishughulikia kupitia kile kinachoitwa kwa heshima “kamati ya ufundi”, na kila mshabiki anajua kwamba wanaozungumziwa hapo si makocha. Ulaya, Asia na Marekani wamelijaribu kwa njia nyingine, inayoitwa nyurofidibaki. Baada ya CHAN kuna AFCON ya 2027, ambayo Kenya, Tanzania na Uganda zimepewa kuiandaa pamoja, na ni lazima wauzaji wa njia hiyo watabisha hodi kwa vilabu na mashirikisho yetu. Vifaa vyake vidogo tayari vinauzwa mtandaoni kama simu, kwa hiyo wapo wafanyabiashara wa mpakani watakaoulizwa kama wanaweza kuvileta. Ni vizuri kujua bidhaa inafanya nini kabla ya kuweka fedha.

Inasikiliza, haipigi shoti

Jambo la kwanza: mashine hii haipeleki umeme kichwani. Inasikiliza tu. Chembe za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo mno, unaopimwa kwa mikrovolti, yaani sehemu moja ya milioni ya volti. Mtu wa kwanza kuurekodi kwa binadamu alikuwa daktari Mjerumani, Hans Berger, katika mji wa Jena mwaka 1924. Alikaa na matokeo yake miaka mitano kabla ya kuyachapisha mwaka 1929.

Umeme huo hupanda na kushuka kama mawimbi, na mwendo wa mawimbi hufuata hali ya mtu. Ukifumba macho ukapumzika, mawimbi ya alfa, yanayopiga kati ya mara 8 na 12 kwa sekunde, huongezeka hasa kisogoni. Ukianza kupiga hesabu ngumu au kuwa na wasiwasi, ya beta, yanayozidi mara 13, huchukua nafasi. Ukisinzia huja ya theta, mara 4 hadi 8.

Mafunzo yenyewe hayana maajabu ya kutazama. Mwanamichezo huketi kwenye kiti. Mtaalamu husafisha ngozi ya kichwa mahali palipochaguliwa, hupaka rojo linalopitisha umeme, kisha hubandika vidude vidogo vya chuma viitwavyo elektrodi. Nyaya hupeleka umeme kwenye kifaa cha kuukuza, na kutoka hapo kwenye kompyuta. Kwenye skrini kuna filamu, au mchezo wa ndege inayopaa, au muziki tu unaosikika. Mawimbi yanayotakiwa yakiongezeka, picha inang'aa na muziki unapanda. Yakipungua, picha inafifia. Mtu haambiwi afanye nini hasa. Ubongo unabahatisha, unapata, unarudia, kama mtoto anavyojifunza baiskeli bila kuelezwa hesabu za mizani. Kipindi kimoja ni kama nusu saa, na programu nyingi huhitaji vipindi 20 au zaidi.

Mwenye hila anaweza kuidanganya mashine. Ukikaza taya au ukipepesa macho, misuli inatoa umeme mkubwa kuliko ule wa ubongo, na programu mbovu inaweza kukupa pongezi kwa kung'ata meno. Ndiyo maana mtaalamu ni muhimu kuliko kifaa. Ndiyo maana pia njia hii imezoeleka zaidi katika michezo ambayo mtu husimama kwanza kabla ya kutenda: kulenga shabaha, upinde, gofu, penalti. Mkimbiaji akiwa anakimbia hutoa kelele nyingi sana za misuli kiasi cha kuifunika sauti ya ubongo.

Paka wa California

Asili ya jambo hili ni paka. Katika miaka ya 1960 mtafiti Barry Sterman, huko California, aligundua kwamba paka anayengoja chakula, mwili umetulia kabisa lakini yuko macho, hutoa mawimbi ya mara 12 hadi 15 kwa sekunde katika sehemu ya ubongo inayoongoza viungo. Kila aliyewahi kumwona paka mbele ya shimo la panya anaijua hali hiyo. Sterman akaanza kuwapa paka chakula kila walipotoa mawimbi hayo, nao wakajifunza kuyatoa kwa makusudi.

Baadaye alipewa kazi ya kuchunguza sumu ya mafuta ya roketi, ambayo iliwaletea wanyama kifafa. Paka waliokuwa wamepitia mafunzo yale walistahimili zaidi kuliko wenzao. Hakuwa akitafuta jambo hilo. Kutoka hapo njia ikajaribiwa kwa wagonjwa wa kifafa, na hatimaye ikawafikia watu wazima wasio na ugonjwa wowote, wanaotaka tu mkono usitetemeke.

Kwa wanamichezo, walengaji shabaha ndio waliofungua mlango. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani, Brad Hatfield, Daniel Landers na William Ray, walionyesha kwamba sekunde chache kabla mlengaji bora hajavuta kifyatulio, mawimbi ya alfa huongezeka upande wa kushoto wa kichwa, karibu na sikio. Upande huo ndio unaohusika sana na lugha. Maelezo yao ni kwamba mlengaji bora, wakati ule, ameacha kujisemesha. Ile sauti ya ndani inayouliza “nikikosa je?” imenyamaza.

Mwaka 1991 Landers na wenzake wakachukua wapiga upinde 24 na kuwagawa makundi matatu. La kwanza lilifunzwa kutuliza upande huo wa kushoto. La pili lilifunzwa upande wa kulia, ambao haukutakiwa. La tatu halikufunzwa kitu. Kundi la kwanza lililenga vizuri zaidi kuliko mwanzo, la tatu likabaki lilipokuwa, na la pili likaharibika. Matokeo ya kundi la pili ndiyo ningependa kila kocha ayakumbuke kuliko ya la kwanza. Chombo kinachoweza kumboresha mtu kikielekezwa vibaya kinaweza kumrudisha nyuma.

Bunduki ya upepo, Beijing 2008

Mfano mmoja wa kweli unastahili kukaliwa, kwa sababu unaonyesha kazi yote na gharama yake. Abhinav Bindra wa India alikwenda Olimpiki ya Athens mwaka 2004 akiwa na matumaini makubwa katika bunduki ya upepo ya mita 10. Alifika fainali na kumaliza wa saba. Alirudi nyumbani akaanza upya, na katika maandalizi ya Beijing alifanya kazi na mwanasaikolojia wa Afrika Kusini, Timothy Harkness, ambaye baadaye aliajiriwa na klabu ya Chelsea. Walitumia vipimo vya ubongo na vya mapigo ya moyo, kikao baada ya kikao, hadi Bindra akaweza kuitambua hali ya mwili wake inayotangulia shuti zuri na kuirudia. Pamoja na hayo alifanya mengine yasiyo ya mashine. Kabla ya michezo alikwea nguzo ndefu huko Ujerumani, ya aina wanayofanyia mazoezi makomandoo, ili akutane na woga wake uso kwa uso.

Agosti 11, 2008, kabla ya shuti la mwisho la fainali, alikuwa sawa kwa alama na Henri Häkkinen wa Finland. Alama ya juu kabisa kwa shuti moja ni 10.9. Häkkinen alipata 9.7 na kuporomoka hadi shaba. Bindra alipata 10.8. Jumla yake ilikuwa 700.5, dhidi ya 699.7 za Zhu Qinan wa China, na India ikapata dhahabu yake ya kwanza ya mtu mmoja mmoja katika historia ya Olimpiki.

Sasa upande wa pili wa daftari. Bindra alitoka familia yenye uwezo, na baba yake alikuwa amemjengea uwanja wa shabaha nyumbani. Alikuwa amepiga risasi maelfu kwa maelfu tangu utotoni. Nyurofidibaki ilikuwa kiungo kimoja ndani ya sufuria iliyokuwa imeshachemka miaka mingi. Anayekuambia kwamba mashine ndiyo iliyoleta dhahabu anakuuzia chumvi kwa bei ya nyama.

Chumba cha Milan, viwanja vya Wembley

Katika soka, waliotangulia ni AC Milan. Mwaka 2002 klabu hiyo ilianzisha maabara yake, MilanLab, na ndani yake mwanasaikolojia Bruno Demichelis akawa na chumba ambacho wachezaji walijilaza kwenye viti huku ubongo na mwili vikipimwa, wakijifunza kutulia. Mwaka 2003 Milan ilitwaa Ligi ya Mabingwa kwa penalti dhidi ya Juventus, Andriy Shevchenko akifunga ya mwisho. Wakala kwa furaha. Kisha ikaja Istanbul 2005: Milan ikaongoza 3-0 hadi mapumziko, Liverpool ikasawazisha, na katika penalti Serginho, Andrea Pirlo na Shevchenko huyo huyo wakakosa. Mwaka mmoja baadaye, katika fainali ya Kombe la Dunia Berlin, Pirlo alipiga penalti ya kwanza ya Italia na kufunga. Italia ilifunga zote tano. Ufaransa ilikuwa tayari imempoteza Zinedine Zidane, aliyetolewa kwa kadi nyekundu baada ya kumpiga Marco Materazzi kichwa kifuani, na huo ni mfano wa kukosa utulivu usiohitaji elektrodi yoyote kuusoma.

Liverpool nayo ilianza mwaka 2021 kufanya kazi na kampuni ya Ujerumani iitwayo neuro11. Hawa waliuondoa mtambo chumbani na kuupeleka uwanjani. Mchezaji huvaa kifaa kichwani, hupiga penalti au mpira wa adhabu, na wataalamu huangalia hali ya ubongo wake kabla ya kupiga, kisha humfunza kuifikia hali inayoendana na mapigo mazuri. Februari 27, 2022 Liverpool iliifunga Chelsea penalti 11-10 katika fainali ya Kombe la Ligi. Wachezaji wote 11 wa Liverpool walifunga, hadi kipa Caoimhín Kelleher, na kipa wa Chelsea, Kepa Arrizabalaga, akapaisha. Mei 14 timu hizo hizo zikakutana fainali ya Kombe la FA, Liverpool ikashinda tena kwa penalti, 6-5. Kocha Jürgen Klopp alitoka hadharani kuwashukuru watu wa neuro11.

Hapo ndipo tangazo la biashara lingeishia. Lakini fainali ile ya FA ina Sadio Mané ndani yake. Msenegali huyo angeweza kuimaliza kazi kwa penalti ya tano, akapangua kipa Édouard Mendy, Msenegali mwenzake aliyemjua kama ndugu. Klopp alieleza baadaye kwamba lawama ilikuwa angalau nusu yake, kwa kuwa alimshauri Mané abadilishe upande akidhani Mendy anajua anakopenda kupiga. Ubongo unaweza kuwa umetulia kama maji ya mtungi na ushauri ukawa mbovu.

Mwaka ule ule, Februari 6 jijini Yaoundé, Mané alikosa penalti dakika za mwanzo za fainali ya AFCON dhidi ya Misri, kisha akafunga ile ya mwisho iliyoipa Senegal kombe lake la kwanza. Machi 29 nchi hizo zikakutana tena nchini Senegal kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia. Mohamed Salah, mwenzake wa Liverpool, alipaisha juu ya lango huku mashabiki wakimmulika usoni kwa miali ya leza. Mané akafunga ya ushindi. Wanaume wawili, klabu moja, wataalamu wale wale, jioni moja.

Sayansi inasemaje

Waliotaka kujua kama ni mashine au ni imani wamefanya majaribio magumu zaidi. Mwaka 2015 Christopher Ring na wenzake waliwafunza wacheza gofu wa kawaida kudhibiti mawimbi ya alfa kabla ya kusukuma mpira shimoni. Walijifunza kuyadhibiti kweli. Lakini mchezo wao haukuboreka kuliko wa kundi lililopewa mafunzo ya uongo: wote waliboreka sawa. Mwaka 2017 timu ya Manuel Schabus huko Austria ilijaribu nyurofidibaki kwa watu wenye shida ya usingizi, mgonjwa asijue lini ni ya kweli na lini ni ya bandia, na ya kweli haikuishinda ya bandia. Tafiti nyingi zinazosifia njia hii kwa wanamichezo zilihusisha watu wachache.

Kwa maoni yangu hilo haliifuti. Linaiweka mahali pake. Mtu anayekaa vipindi 20 akijizoeza kutulia, mbele ya mtaalamu anayemjali, atafaidika na kukaa kwenyewe. Swali la mnunuzi ni kama faida hiyo lazima ipitie kwenye kifaa cha maelfu ya dola.

Kuna vitu vya bei nafuu vyenye ushahidi. Geir Jordet wa Norway ametazama mikanda ya penalti za mashindano makubwa na kuona kwamba wanaoharakisha mara filimbi inapolia hukosa zaidi kuliko wanaochukua pumzi kwanza. Kumfundisha kijana awe na utaratibu wake mmoja, hatua zile zile, pumzi ile ile, kila penalti ya mazoezi, hakuhitaji stakabadhi ya forodha. Kupumua polepole, kama pumzi sita kwa dakika, hutuliza mapigo ya moyo, na saa ya ukutani inatosha. Aliyewahi kuhesabu noti za shilingi za Uganda pale Malaba, utingo akimpigia kelele nyuma na madalali watatu wakimsemesha mbele, ameshaijua nusu ya somo hili.

Wala si kila kuporomoka ni kwa penalti. Machi 26, 2017, mbele ya watu wa nyumbani pale Kololo, Joshua Cheptegei alikuwa akiongoza mbio za dunia za nyika hadi mzunguko wa mwisho, kisha nguvu zikamwisha na akamaliza wa 30. Miaka miwili baadaye huko Aarhus alizishinda mbio hizo hizo, na mwaka 2020 akavunja rekodi za dunia za mita 5,000 na 10,000. Mkimbiaji anayejifunza kugawa nguvu zake anahitaji kocha na kilomita, na hapo mashine ya kitini ina kazi ndogo.

Kwa anayefikiria kuleta mzigo

Mikanda ya kichwa inayouzwa kwa watu wa kawaida, kama Muse ya Canada, huwa na vihisi vichache na bei yake ni dola mia kadhaa. Inaweza kumsaidia mtu kuzoea kukaa kimya. Vifaa vya maabara hutumia elektrodi nyingi, mara nyingi 19, na ni bei ya gari lililotumika. Usikubali kuuziwa cha kwanza kwa maneno ya cha pili.

Usitegemee pia utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ile nafuu ya mzigo usiozidi dola 2,000 ni ya bidhaa zilizotoka ndani ya nchi wanachama na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Mkanda wa Canada au China ukipita Namanga, Rusumo au Mutukula ni bidhaa ya nje, na utalipiwa kama bidhaa ya nje.

Na chunga maandishi ya kwenye boksi. Ukiuza kama kifaa cha mazoezi, ni jambo moja. Ukiandika kwamba kinatibu kifafa, usingizi au utundu wa watoto, umeingia kwenye vifaa tiba, na hapo utakutana na TMDA upande wa Tanzania, Bodi ya Dawa na Sumu upande wa Kenya, na Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa upande wa Uganda. Uliza kabla mzigo haujafika mpakani, na uulize kwa maandishi. Mteja wako wa klabu naye mwulize swali moja: nani atakayebandika elektrodi, na amejifunza wapi kujua upande wa kushoto na wa kulia?